Macho ya Bertin

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Daftari hili kanipa Keren, binti wa dada yangu Lucienne. Amelitupa juu ya kochi ninalolalia, akasema: "Tonton Antoine, uongo wako andika humu, masikio yetu yapumzike." Ana miaka kumi na tisa, anasomea uuguzi, na ulimi wake unaweza kukata nyama ya mbuzi mzee. Nikamjibu kwamba mimi nikiandika, watu watalia. Akasema tayari wanalia.

Bon. Naandika. Tena kwa Kiswahili bora, kile nilichojifunza Kalemie kwa Mtanzania mmoja muuza samaki, si kile cha mitaani Lubumbashi. Shuleni nilifika darasa la sita tu, kwa sababu walimu waliniogopa.

Kilichotokea ni hiki. Leo sisi wa Katanga tulikutana mgahawani Ixelles kupanga siku ya kuondoa matanga ya Bertin, mume wa Lucienne. Alifia hapa Brussels Januari iliyopita, maiti ikapelekwa Lubumbashi, na huku hatuna hata kaburi la kulilia. Siku hiyo, Januari tarehe thelathini na moja, ikifika, Ngoy, kaka mkubwa wa marehemu, atamvua Lucienne kitambaa cheusi kichwani na kumfunga cha rangi. Hapo mjane anakuwa huru: anaimba kwaya tena, anacheka, akitaka anaolewa. Kabla ya hapo, hapana. Ngoy asipokivua hakivuliwi, na hakuna mama wa kwetu atakayekaa benchi moja naye.

Huyo Ngoy ana mdomo mdogo kama tundu la kifungo. Kila neno linatoka humo limebanwa. Alikuwa akiitazama picha ya Bertin tuliyoiegemeza kwenye chupa. Bertin, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kujipamba: picha zake zote, hata ya ubatizo wa Keren, amevaa miwani nyeusi. Ngoy akasema: "Tutaondosha matanga mbele ya miwani? Ndugu yangu alikuwa na macho."

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema nitamfanya Bertin mzima, mdogo wa kukaa kiganjani, ameketi kwenye kiti chake, sura yake ile ile, na macho ndani. Nikasema Lubumbashi nilichonga malakiti, lile jiwe letu la kijani, mke wa gavana mmoja alizimia alipojiona.

Walicheka mpaka mwenye mgahawa akatoka jikoni.

"Ya Antoine," Ngoy akasema, kwani kwetu ya, au yaya, ni kaka, "ukimufanya na macho yake, ile kitambaa nitaivua na mikono mibili. Ukishindwa, ile siku utanyamaza. Asubui mpaka mangaribi. Hata bonjour, hapana."

Walipiga makofi zaidi kwa ile ya kunyamaza kuliko ile ya kitambaa. Lucienne hakupiga. Kwenye tramu ya kurudi nyumbani kwake Ganshoren aliniambia: "Yaya, ile kitambaa iko ku kichwa yangu. Haiko ku yako."

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Nimeanza na sabuni, kwa kisu cha mezani. Nikamwacha Bertin kwenye sinki akauke, nikaenda kazini. Keren amenawia mikono. Hakujua ni baba yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kazi yangu iko Schuman, kwenye yale majengo makubwa ya Ulaya. Watu wanasema nafagia. Mimi nasema nisipokwenda siku moja, Ulaya nzima inapiga chafya. Leo sikuwa na zamu, nikambebea maji ya chupa Madame Pétronille wa ghorofa ya chini. Ni Mbelgiji, mzee, mkavu, kidevu kimetangulia kama droo isiyofunga. Maisha yake yote alitengeneza meno ya bandia, na sasa kwa vyombo vile vile vya meno anatengeneza watu.

Nimewaona. Wamo kwenye kabati la kioo, urefu wa kidole: muuza nyama, mtawa, mlevi mwenye mishipa puani. Yule mlevi alinifuata kwa macho mpaka mlangoni. Mimi niliyesimamisha treni ya Likasi kwa mguu, breki zimekufa, mpaka leo kiatu cha kulia nanunua namba nyingine, mimi niliogopa kitu cha ukubwa wa kiberiti.

Nikamwambia na mimi ni mchongaji. Malakiti. Mke wa gavana. Akanipa donge la udongo, si ule wa mtoni, ni wa plastiki, laini, unaokwa kwenye oveni ya keki. "Onyesha."

Nilipomaliza kufinyanga kichwa alivaa miwani, akakizungusha kile kichwa. "Hiki ni kiazi kilichopata habari mbaya," akasema. Akakiweka mezani, akakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikawa chapati. "On recommence." Yaani anza tena.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kwanza waya, ndio mifupa. Halafu karatasi ya fedha ya jikoni, unaifinya iwe fuvu. Udongo unakuja juu yake, mwembamba. Macho ni kazi ya peke yake: vidonge viwili vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama, unavioka kwanza vikauke, ndipo unavizamisha kwenye uso laini na kuvifunika kope, kama unavyomfunika mtoto shuka.

Macho niliyaweka juu mno. Madame anasema wote wanaoanza wanafanya hivyo, kwa sababu wanadhani mtu anaishia kwenye nyusi. Macho yako katikati ya kichwa. Katikati kabisa. Nimejipima kwa uzi mbele ya kioo, ni kweli. Miaka hamsini na minne nimebeba kichwa hiki na sikujua.

Kidole gumba.

Alhamisi, 23 Oktoba

Chauffage, ile mashine ya kupasha nyumba joto, imekufa. Lucienne kamwita fundi, Jean-Baptiste, mtu wa Likasi, mpole kama maji ya uvuguvugu. Nilisema mimi ningeitengeneza. Lucienne akasema: "Yaya, tafazali." Fundi kala hapa.

Jumamosi, 1 Novemba

Pua imekubali. Masikio yamekataa. Kidole gumba.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua, na giza tangu saa kumi. Nilimuuliza Lucienne macho ya Bertin yalikuwaje. Alikuwa anaosha sombe, majani ya muhogo. Akafunga bomba, akafikiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Yalikuwa macho."

"Makubwa? Madogo? Yameingia ndani?"

"Sijue, yaya. Hakukuwa ananiangalia sana." Akafungua bomba tena.

Nikamgeukia Keren, nikamwambia akae karibu na taa, kwa vile mtoto hubeba macho ya baba. Akasema: "Miye niko na macho ya maman. Ya papa alienda nayo." Halafu akachukua miwani yake ya jua, akaivaa, akala chakula chote nayo, ananitazama. Watoto wa siku hizi wana roho mbaya. Sijui wanaitoa wapi katika familia yetu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemweleza Madame shida yangu: picha zina miwani, mjane hakumbuki, binti hataki. Kasema nisichonge kutoka kichwani, kwa sababu kichwani mwangu kuna maneno tu. Niazime macho kwa mtu aliye hai, anayekaa mbele yangu na kula. "Lakini angalia," akasema. "Jicho halitembei peke yake. Linakuja na kope, kope inakuja na nyusi, nyusi inavuta shavu. Mwishowe mtu mzima anakufuata nyumbani."

Nikamwambia mimi siwezi kufuatwa. Kidole gumba.

Alhamisi, 13 Novemba

Chauffage tena. Fundi tena. Wamemkalisha kiti cha Bertin kwa sababu ndicho kilicho karibu na radiator, lile bati la joto. Bukari, ugali wetu, na samaki wa kukausha. Nikaona, huyu si yupo hai, si anakula, si yuko mbele yangu? Nikaanza kazi.

Jicho la kushoto kope inashuka kidogo kuliko ya kulia. Nyusi ya kulia ina mkato, kama njia ya mchwa. Chini ya macho kuna mikunjo mitatu midogo inayojitokeza kabla hajacheka, si wakati anacheka, kabla. Na hatazami watu kama sisi wengine, kwa kupita juu juu. Lucienne akienda jikoni, yale macho yanakaa mlangoni yanamngoja kama mbwa mwenye adabu.

"Tonton Antoine," akaniuliza, "kuko kitu ku uso wangu?"

"Kula," nikamwambia. "Ninakupima bure."

Alhamisi, 20 Novemba

Chauffage. Fundi. Nimepata ile kope.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo Madame hakutumia kidole gumba mara moja. Alikaa na kile kichwa mkononi. Halafu akakibonyeza. Nilikaribia kumuuma.

Jumanne, 2 Desemba

Kuna jambo linanipata na silipendi. Nikipanda metro siwezi tena kuwatukana watu moyoni. Zamani namwona mtu, nasema: huyu ni chura, yule ni ndoo. Sasa naona pale taya linapofungwa kwa hasira ya asubuhi, pale shavu limeanguka upande mmoja kwa sababu ya kulalia mkono. Msimamizi wetu wa usafi, niliyemwita Nyau miaka minne, leo nimeona macho yake yana wekundu wa mtu aliyelia garini. Imenichukiza. Nilikuwa na raha zaidi na Nyau.

Alhamisi, 4 Desemba

Baridi. Chauffage imekufa asubuhi, Lucienne na Keren hawapo. Nikasema leo watajua mimi ni nani. Nikalala sakafuni nyuma ya radiator, nikakuta kijifunguo cha valvu kimefungwa kabisa. Nikakizungusha, joto likaja. Hata mtoto angeweza. Nilipomwambia Lucienne aliporudi, nilidhani atanibusu mikono. Alisimama na mifuko yake, uso umemdondoka.

"Nani alikulomba?" akasema, yaani nani aliniomba.

Ijumaa, 5 Desemba

Imekufa tena. Nikatazama ile valvu. Imefungwa. Haikujifunga yenyewe.

Sasa najua. Nimekaa kwenye kochi langu na baridi yangu, nikacheka mpaka machozi. Dada yangu mdogo, mjane wa kitambaa cheusi, anazima moto wa nyumba yake ili fundi aje kuuwasha! Na matanga hayajaondolewa. Ngoy akijua, atamfunga kile kitambaa mpaka kizikwe naye.

Alhamisi, 11 Desemba

Mezani nilimwambia Jean-Baptiste: "Fundi, hii chauffage yetu inakupenda sana. Ikikukosa siku tano inaugua." Lucienne akamwaga mchuzi. Keren akaniangalia kama anayetafuta mshipa wa kuchoma sindano.

Nikaendelea. Nikauliza kama kuna dawa ya kuiponya kabisa, au inangoja Januari tarehe thelathini na moja. Jean-Baptiste akashusha kichwa. Hata masikio yake yaliona haya, nimeyaona vizuri, yanaanza kuiva pembeni, juu, halafu yanashuka. Nitayatumia.

Sijafurahi hivyo tangu nilipomwachia mke wangu nyumba. Siku zote mimi ndiye wanayemcheka.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Ngoy alikuja na chupa moja na wajukuu wanne. Kaniuliza mbele ya wote: "Bertin iko wapi? Ao unajifunza kunyamaza?" Wajukuu wakaweka vidole midomoni, ssss, kila nikifungua mdomo. Hata mdogo wao wa miaka mitano. Lucienne alihudumia na kitambaa chake, akiinama. Ngoy akasema sombe haina chumvi, mjane amesahau chumvi. Alikula sahani mbili.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Naandika polepole, nisikose kitu.

Nilimpelekea Madame kichwa kilichookwa na kupakwa rangi. Ngozi niliichoma-choma kwa mswaki iwe na vitundu. Nywele za manyoya ya brashi. Kwenye kila jicho tone la vanishi, ili liwe majimaji. Alivaa miwani, akaenda nacho dirishani. Mvua ilikuwa inapiga kioo. Kidole gumba chake nilikitazama mimi, si uso wake.

Hakikusogea.

Akasema: "Huyu anampenda mtu."

Halafu akafungua kabati, akamsogeza yule mlevi, akakiweka kichwa changu kati yake na mtawa, tukasimama tunakitazama. Hakusema vizuri, hakusema hongera. Alisema: "Voilà," yaani ndicho hiki. Mimi nimewahi kupigiwa makofi na uwanja mzima wa Lubumbashi nilipodaka penalti kwa meno, lakini siku ile sikupata nilichopata leo.

Jumamosi, 24 Januari

Bertin amekamilika. Suti ya kijivu, mguu juu ya mguu, kiti chenye mto. Nimemwonyesha Keren kwanza, nimwone anavyolia.

Hakulia. Alikiinua kisanamu mpaka puani.

"Tonton. Huyu haiko papa."

"Ni baba yako. Angalia suti."

"Suti ya papa. Muntu ni Jean-Baptiste. Kope ya kushoto. Ile alama ya nyusi. Mungu wangu, hata masikio." Akakaa chini. "Tonton, vunja."

Nilisema haivunjiki. Ni kweli, ikishaokwa ni ngumu kama jino. Nilisema pia watu hawana macho, wataona suti. Akasema tonton Ngoy ana macho, na akimwona huyu, maman hatavuliwa kitambaa. Mimi nilikuwa nakitazama kisanamu na kufikiria: hicho ndicho kichwa pekee ambacho Madame hakukiponda.

Ni Keren aliyepata njia. Miwani! Bertin bila miwani si Bertin. Tukakata mfuniko mweusi wa plastiki, waya mwembamba ukawa mikono ya miwani, tukamvalisha. Mara moja akawa marehemu. Kope zimefichika, nyusi imefichika. Keren akapumua.

"Utanyamaza siku moja tu, tonton. Utakufa?"

"Sitakufa."

"Tia gundi mingi."

Nimetia kidogo.

Ijumaa, 30 Januari

Lucienne amejaribu kile kitambaa cha rangi mbele ya kioo, alidhani sipo. Cha njano na bluu. Alikuwa amekishika tu karibu na shavu, hajakifunga. Kwa uso ule ningehitaji wiki nzima. Akaniona kwenye kioo.

"Yaya, kesho usiseme kitu. Nakulomba. Miye sitaki kingine ku weye maisha yangu yote."

Nikamwahidi.

Jumapili, 1 Februari

Naandika ya jana.

Salle ya Ganshoren, ule ukumbi wa kona ya kanisa, ilikuwa imejaa saa nane. Meza za bukari, kuku, samaki, kreti za bia mpaka dirishani. Wanawake wa kwaya na kitenge kimoja. Na baridi. Chauffage ya salle, safari hii kweli, ilikuwa imekufa. Lucienne alimkataza Jean-Baptiste asije, yeye mwenyewe alikubali. Lakini baba wa salle alitaka fundi, na nani anajulikana na Wakongo wote wa upande huu? Alikuja na sanduku lake la vyombo, akaenda kupiga magoti nyuma kabisa, mgongo kwetu. Nilimwona. Ningeweza kwenda kumwambia toka. Nilikuwa nimebeba Bertin kwenye sanduku la viatu, sikutaka kumtikisa.

Ngoy aliketi katikati, kitambaa cha njano na bluu kimekunjwa magotini. Lucienne kwenye mkeka mbele yake, kichwa chini. Walipomaliza kuomba, Ngoy akasema: "Alors. Tumuone ndugu yangu."

Nilikiweka kisanamu mezani. Watu wakasogea. Mama mmoja akasema "Yoo, suti yake," na mwingine akaanza kulia. Ilikuwa imetosha. Mungu ananiona, ilikuwa imetosha.

Ngoy akainama. Kile kitundu cha mdomo kikavutika upande.

"Miwani," akasema. "Miezi yote, na ametuletea miwani. Ile tulikuwa nayo ku picha." Akawageukia watu. "Mke wa gavana alizimia juu ya nini? Juu ya miwani?"

Walicheka. Salle nzima, hata walioanza kulia. Wale wajukuu wake wanne wakaweka vidole midomoni, ssss. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Kunyamaza! Kunyamaza!" wakaimba hivyo, wanapiga meza. Nilimtazama Lucienne. Alikuwa ameinua kichwa, ananitazama, akitikisa kichwa kidogo sana, hapana, hapana.

Nikaweka ukucha chini ya ile miwani. Ilitoka bila nguvu.

Kicheko kilikatika. Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakivuta pumzi mara moja. Lile tone la vanishi lilishika mwanga wa taa, na yule mtu mdogo akatutazama, hai, kope moja imeshuka, mikunjo mitatu ya kabla ya kucheka. Mama aliyekuwa amebeba sahani aliiweka chini. "Anapumua," akasema. Mzee mmoja akavua kofia. Simu zikatoka. Nami nilisimama pale, nimepanua kifua, na kwa muda wa pumzi kama tatu nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote Brussels.

Ngoy alikichukua. Akakileta karibu. Alikuwa anatafuta ndugu yake, niliona wazi, alimtafuta kwa roho safi, mdomo wake ukalegea. Halafu ukarudi.

"Huyu ninamujua," akasema. "Lakini haiko Bertin."

Mtoto mmoja, mjukuu wake yule wa miaka mitano, ndiye aliyesema. Alinyoosha kidole nyuma ya salle. "Ni ule wa chauffage."

Jean-Baptiste alikuwa amegeuka kwa sababu ya ule ukimya. Amepiga magoti, ufunguo mkononi. Na hakumtazama Ngoy wala mimi. Alimtazama Lucienne, kwa macho yale yale niliyoyachonga.

Basi hakuna aliyehitaji kueleza kitu.

"Huyu muntu anakula wapi," Ngoy akauliza polepole, "mpaka umejua uso wake hivi? Ku meza ya nani? Ku kiti ya nani?"

Hapo nikasema. Nilisema yote ambayo sijawahi kusema. Nilisema sijui kuchonga, ni bahati, mkono uliteleza. Nilisema sikuwahi kugusa malakiti, hakuna mke wa gavana, nilikuwa nabeba mawe tu kiwandani. Nilisema mimi ni mjinga, nyuso zote kwangu ni moja, nimechanganya. Nilipiga kelele. Nilishika kola ya suti ya Ngoy.

Alinitoa vidole kimoja kimoja.

"Miaka makumi tatu umetudanganya na mdomo, ya Antoine, na hatukuamini hata siku moja. Leo mikono yako imesema kweli, unataka tusiiamini? Hapana. Uko fundi. Kabisa. Bravo."

Na watu, wallahi, watu wakapiga makofi.

Jean-Baptiste alisogea hatua mbili. "Papa Ngoy, niache niongee kama mwanaume..."

"Weye tengeneza chauffage," Ngoy akasema bila kugeuka. "Batoto beko na baridi."

Walicheka tena. Ngoy akakunja kile kitambaa cha njano na bluu, mara mbili, mara nne, mpaka kikaingia mfukoni mwa koti. Lucienne hakulia. Aliinua mikono akakaza kile cheusi nyuma ya shingo, mafundo mawili, akaenda kugawa bukari, kwa sababu watu walikuwa na njaa. Alipompa sahani mama wa kwaya, yule mama aliihamisha kwa jirani bila kuonja.

Wakati wa kutoka mama mwingine alinivuta mkono. Ana picha ya mama yake aliyefia Kolwezi. Aliniuliza nafanya kwa bei gani.

Alhamisi, 5 Februari

Chauffage inafanya kazi vizuri sana. Nyumba nzima ina joto. Hatuna la kuongea.

Jumapili, 8 Februari

Nilidhani Lucienne atanifukuza. Hajanifukuza. Ananipakulia chakula kama zamani, na nyama kubwa. Ingekuwa afadhali anitupie kochi dirishani. Kile kisanamu hakionekani. Keren anasema kiko chumbani mwa mama yake, juu ya radiator, kinatazama kitanda. Hilo ndilo neno refu kuliko yote aliloniambia wiki hii.

Jumamosi, 14 Februari

Ngoy amepiga simu. Ameona picha zinavyozunguka kwenye simu za watu mpaka Lubumbashi, kila mtu anauliza nani aliyefanya. Anatimiza miaka sabini mwezi wa nne. Anataka nimfanye yeye, na suti, na fimbo. "Na macho yangu ya kweli," akasema. "Watu wanijue mara moja. Lakini mdomo ufanye muzuri. Mukubwa kidogo. Wa kicheko." Nikauliza na kitambaa? "Nikifurahi," akasema, "Pasaka nitakumbuka kwamba mjane wa ndugu yangu ana kichwa."

Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumamosi, 21 Februari

Nimemfanyia mdomo mkubwa wa kicheko. Nikamtumia picha. Jibu: "Huyu ni nani?"

Jumatano, 25 Februari

Nimeufanya mdogo kidogo. Jibu: "Huyu ni muntu wa Mbuji-Mayi, haiko wa kwetu."

Jumapili, 1 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimeshuka kwa Madame kumuuliza mtu anafanyaje uso uwe wa kweli na uwe mzuri, wakati mwenye uso si mzuri. Akasema hilo alilifanya kwenye meno miaka arobaini, na kila mteja alirudi kulalamika.

Mimi niliyedaka penalti kwa meno. Nikiambiwa nimsifu Ngoy kwa maneno, nitamaliza kabla chai haijapoa: nitamfanya simba, nitamfanya gavana, nitampa mdomo wa malaika na wote watakaokuwepo watakula kiapo. Vidole vimekataa. Navipeleka kwenye kicheko, vinarudi kwenye tundu la kifungo. Nimejaribu macho yamefungwa. Leo mchana, nimechoka, nimeviacha viende vinakotaka.

Kisanamu kilikuwa bado kibichi, sijakioka. Lucienne alipita na nguo za kupiga pasi, kitambaa chake kimeanza kupauka ukingoni, akasimama nyuma ya bega langu. Nikangoja. Nilikisikia kwanza, sikukiamini: kicheko. Kidogo, cha puani, cha kwanza tangu siku ile.

"Njo yeye," akasema, yaani ndiye huyu. "Njo yeye kabisa, na ile roho yake."

Akaweka nguo kitini, akagusa kile kitambaa kichwani. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akaweka kidole gumba kwenye ule uso, akabonyeza taratibu mpaka kikafika mezani.

"Anza tena, yaya."